Maji yametibuka: kutafuta chanzo kwenye tangi la matumbawe

"Fundi, maji yamekuwa maziwa. Nitie nini?"

Simu ya namna hii hunijia ama alfajiri, mtu akiwasha taa ya sebule, ama usiku baada ya stima kupotea na kurudi. Jibu langu la kwanza huwa swali: samaki wako wapi? Kama wamepanda juu wote, midomo ikigusa hewa na matamvua yakipiga haraka, hiyo ni dharura, na tutazungumza huku umeshika jagi mkononi. Kama wanaogelea na kula kama kawaida, bandika chai. Tuna wakati wa kuangalia.

Nasema hivi kwa sababu katika matangi ya samaki na matumbawe ninayohudumia hapa Mombasa, ukungu wenyewe umeniulia viumbe wachache. Wengi walikufa kwa yale yaliyotiwa baada ya ukungu kuonekana: dawa ya mwani yenye shaba, dawa ya kung'arisha maji iliyotengenezewa samaki wa maji yasiyo chumvi, au mwenye tangi kutoa mawe yote akayasugua kwa maji ya bomba. Maji kutibuka ni dalili yenye vyanzo vingi, na baadhi ya vyanzo hivyo vinataka tiba zinazopingana. Wingu la chokaa na wingu la bakteria hufanana kabisa ukiyatazama kutoka kwenye kochi. Siki inayolifuta la kwanza ndiyo chakula cha la pili.

Samaki wakihema juu

Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hayawezi kushika oksijeni nyingi. Yakijaa kabisa ni kama miligramu 6.7 kwa lita, ilhali maji yasiyo chumvi ya joto hilohilo hushika kama 8. Kwa hiyo tangi la matumbawe halina akiba. Bakteria wanaokula uozo wakipata chakula cha ghafla, idadi yao inaweza kuongezeka maradufu kwa muda usiofika saa moja, na kila mmoja anavuta oksijeni ileile anayoitegemea samaki. Wale bakteria wa mawe na mchanga wanaokula amonia (sumu ya kinyesi na uozo) ni wavivu wa kuzaana, huhitaji nusu siku na zaidi kuongezeka maradufu. Ndiyo maana tangi likipata mshtuko, wa kwanza kutokea ni hawa walafi, na rangi yao wakiwa mamilioni ni ileile: nyeupe ya maji ya mchele.

Hewa kwanza, kabla ya kipimo chochote. Geuza pampu za mkondo zielekee juu mpaka uso wa maji utetemeke. Washa skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) hata kama inamwaga povu. Kikombe chake kikijaa, kimwage na urudishe. Stima ikiwa haipo, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka kimo cha mkono, mara ishirini, pumzika, kisha ishirini tena. Kila mwenye tangi la matumbawe awe na pampu ndogo ya hewa ya betri kabatini. Haina bei ya kutisha, na usiku mmoja tu wa giza utaonyesha kwa nini ninaisisitiza. Mchana usizime taa, kwa sababu mwani unaoishi ndani ya matumbawe hutoa oksijeni ukipata mwanga. Wa kwanza kuanguka huwa ni samaki wakubwa wenye mbio kama kangaja, kwa hiyo watazame hao kuliko wale wadogo wanaojificha mapangoni.

Pumzi zikishatulia, tafuta maiti. Hesabu samaki. Geuza konokono mmoja mmoja, umnuse. Aliyekufa, huhitaji kuuliza mara mbili. Tazama nyuma ya mawe na ndani ya sanduku la mteremko ambamo maji humwagikia kwenda chini, mahali samaki hupenda kuruka na kukwama. Mteja wangu mmoja wa Nyali alikwenda Lamu kwa Maulidi, akamwachia kijana wa nyumba kazi ya kulisha. Kijana ana moyo mzuri, na alilisha kama anavyolisha kuku: kipande kizima cha kamba waliogandishwa, asubuhi na jioni. Siku ya tatu huoni mwamba ulioko katikati ya tangi. Hakukuwa na maiti hata mmoja. Chakula chenyewe kilikuwa kimejikusanya nyuma ya mawe, kimevaa utando mweupe, na nilikivuta kwa mpira wa maji nusu ndoo nzima. Tangi lilisafika siku ya nne bila kutiwa kitu.

Pima amonia. Ikisoma chochote juu ya sifuri, badilisha robo ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi sawa na yaliyomo. Acha kulisha siku mbili au tatu. Samaki mzima haumizwi na hilo. Acha pia siki, sukari au chochote unachotia kupunguza nitreti. Ulaya na Marekani wengine hutumia vodka kwa kazi hiyo. Huku wateja wangu wengi hawataki chupa hiyo ndani ya nyumba, wanatumia siki, na kwa bakteria ni mamoja, kaboni ni kaboni. Mtu akiongeza kipimo haraka mno, au akitia cha siku mbili kwa mkupuo kwa kuwa jana alisahau, anaamka na maziwa. Ukirudi kwenye siki baadaye, anza na nusu ya kipimo na uongeze kwa wiki, usiongeze kwa siku.

Taa ya UV (ya mionzi inayoua vijidudu maji yakipita) inasaidia kweli hapa, kwa sababu inaua wanaoelea na kuwaacha waliong'ang'ania mawe. Antibiotiki ni hapana. Utaua na wale wavivu uliowangoja wiki sita waote.

Glasi mbili na siki

Sasa tuseme samaki ni wazima na hujui ukungu umetoka wapi. Kabla ya yote, pangusa kioo sehemu ya kiganja, ndani na nje. Unacheka, lakini nimevuka kivuko cha Likoni na begi la vipimo kwenda kukuta utando wa mwani kwenye kioo, na siku nyingine umande wa nje kwa sababu mtu alinunua kipoza hewa kikubwa.

Kama kioo ni safi, chukua glasi mbili za kunywea zisizo na maua. Chota maji ya tangi katikati, mbali na mchanga, ujaze zote sawa. Ziweke juu ya kitambaa cheusi, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Utaona mambo ambayo tangi zima haliwezi kukuonyesha. Ukiona vitone vinavyopanda, na baada ya dakika tano glasi ni safi, ulikuwa unatazama hewa. Ukiona vumbi linashuka na kulala chini baada ya saa moja, ni mchanga au madini. Kama baada ya saa nzima glasi iko vilevile, nyeupe kutoka juu mpaka chini kama mtu aliyechovya kidole chenye maziwa, ama ni bakteria ama ni chokaa laini sana.

Hapo ndipo siki inapoingia. Kwenye glasi moja tia vijiko viwili vya siki nyeupe ya jikoni, na kwenye nyingine vijiko viwili vya maji safi ili ulinganishe. Koroga, ngoja dakika kumi. Glasi ya siki ikisafika huku ya pili imebaki na ukungu, ni kalsiamu kaboneti iliyojitenga majini. Zikibaki sawa, chanzo ni kingine, na kwa kawaida ni bakteria. Kipimo hiki hakigharimu shilingi mia, na kinakwambia kitu ambacho sanduku la vipimo la maelfu halikwambii.

Fanya haya yote kwenye glasi. Kuna aliyesikia "siki inasafisha" akaimwaga kwenye tangi.

Glasi ya siki ikisafika

Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti, kwa hiyo tunayaweka maji ya tangi karibu na ukingo ambapo madini hayo yanataka kugeuka jiwe yenyewe. Maji ya bahari ya kawaida, yenye chumvi ya 35 kwa elfu, yana kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti majini, ya digrii 7. Wengi wetu tunashika alkaliniti ya 8 au 9. Magnesiamu ndiyo inayozuia jiwe lisianze kuota ovyo. Ikishuka chini ya 1,200 huku umepandisha kalsiamu hadi 500 na alkaliniti hadi 12, unasubiri tu kitu cha kulisukuma tangi ng'ambo ya ukingo.

Kisukumio cha kawaida ni maji ya chokaa. Ni njia ya zamani na ninaipenda: unajazia maji yanayopotea kwa joto ukitumia maji yaliyokorogwa chokaa, na hapo hapo unalisha matumbawe. Ila maji ya chokaa yaliyokolea yana gramu 1.5 na zaidi ya hidroksidi ya kalsiamu kwa lita, na pH yake inapita 12. Ni dawa ya matone. Usiku mmoja swichi ya boya ya tangi la lita 300 ilinata kwa ukoko wa chumvi, ikaruhusu lita 10 ziingie kabla ya alfajiri. Kwa hesabu, hiyo ni karibu digrii 4 za alkaliniti kwa mkupuo, na pH ikaruka juu ya 9. Nilipofika, ndani kulikuwa kama theluji ninayoiona kwenye televisheni: chembe nyeupe zinashuka polepole, zimelala juu ya mwamba, hita imevaa koti.

Kilichofanyika ni kidogo. Nilizima ujazaji, nikafungua madirisha, nikaelekeza pampu juu ili hewa ya ukaa iingie na kushusha pH. Nilitia siki, ndiyo, mililita 1 tu kwa kila lita 4 za tangi, polepole kwenye mkondo, kwa sababu pH ilikuwa bado inapanda. Kiasi hicho huishusha kama 0.3 hivi. Nikamwonya mwenyewe kwamba siki ileile inaweza kuleta ukungu wa bakteria baada ya siku mbili, na akiuona asitishike, aangalie hewa. Jioni kioo kilikuwa kinapitisha macho. Kesho yake alkaliniti ilisoma 6, kwa kuwa chembe zilipokuwa zinashuka zilizidi kuvuta madini kutoka majini. Hilo huwashangaza watu: umezidisha, kisha unakuta upungufu. Tuliirudisha kwa digrii isiyozidi moja kwa siku. Pampu na hita zililazwa kwenye ndoo ya siki usiku mzima. Swichi mpya za boya ziliwekwa mbili, moja juu ya nyingine, na dumu la chokaa likapunguzwa hadi lita 3, ili hata likimwagika lote lisiweze kufanya balaa.

Ukiona wingu dogo pale tu tone la chokaa linapoangukia, kisha linayeyuka likienda, liache. Hiyo ni magnesiamu inayogongana na pH kali kwa sekunde chache, na hurudi majini.

Chokaa ya kupaka ukutani haifai, hata kama babu zetu waliichoma kwa matumbawe yaleyale. Ina takataka ambazo hujui ni nini.

Anayetia kalsiamu na soda ya kupandisha alkaliniti kwa chupa mbili hupata wingu akizitia pamoja au mahali maji yametuama. Kila moja na wakati wake, angalau robo saa kati yake, kwenye mkondo mkali. Na anayechanganya chumvi ya pakiti huharibu ndoo nzima akimimina maji juu ya chumvi. Maji yatangulie, pampu izunguke, chumvi iingie kwa vikombe. Ndoo ikikaa na hita wiki tatu utakuta ukoko chini, na alkaliniti yake haiko tena ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima cha pwani pia huleta shida hii. Yamepita kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, yamebeba chokaa yao, nawe unaongeza juu yake chumvi iliyopimiwa maji matupu. Tumia maji ya mashine ya kuchujia.

Vitone vya hewa

Hili huchukua dakika moja kulitatua na wiki moja kulihangaikia. Zima pampu ya kurudisha maji, ngoja dakika kumi. Maji yakiwa kioo, ulikuwa unaona hewa. Tazama sampu, lile tangi la chini lenye pampu na skima: joto la Januari limekunywa maji, kina kimeshuka, na pampu inavuta hewa kwa sauti ya mtu anayemaliza madafu kwa mrija. Ongeza maji. Kama kina ni sawa, tia sponji kati ya skima na pampu. Skima mpya hutoa vitone siku kadhaa mpaka plastiki yake ipate utando, ivumilie. Kiungio cha bomba kilicholegea upande wa kuvuta huingiza hewa bila kuvuja tone, ndiyo maana hukioni. Kipake mafuta ya silikoni uone kama vitone vinakatika.

Moshi mweupe unaotoka kwa kiumbe

Mama mmoja wa Kizingo alinipigia: "Mwanangu, konokono wangu anavuta sigara." Na kweli, alikuwa amepanda juu kabisa ya kioo, akitoa mkupuo wa moshi mweupe kila nusu dakika, kwa utaratibu. Dakika ishirini baadaye wenzake wanne wakajiunga, na tangi zima likawa uji mwepesi.

Wanazaa, na konokono wakizaa hakuna la kufanya zaidi ya kuangalia oksijeni na kuwa tayari skima ifurike. Mara nyingi huwa usiku taa zikizima, au baada ya kubadilisha maji. Makombe nao hufanya hivyo. Jongoo-bahari husimamisha kichwa kama swila kabla ya kuachia. Matumbawe yatafurahi, hicho ni chakula. Ndani ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili maji yanarudi kuwa safi.

Jongoo-bahari aliyenaswa na pampu ni habari nyingine. Baadhi yao hutoa sumu wakiumia, na samaki wanaweza kufa wote kabla ya chakula cha mchana. Ukimkuta amechanika, mtoe, tia mkaa mpya wa kuchujia, badilisha maji mengi uliyonayo. Kila tangi lenye jongoo liwe na pampu zilizofunikwa wavu.

Kijani

Maji ya kijani yanayobaki kijani hata kwenye glasi ni mwani unaoelea. Haudhuru samaki, kwa kweli hula amonia. Shida ni siku unapokufa wote kwa pamoja, maana hapo unarudi kwenye sehemu ya kwanza ya maelezo haya. Hutokea tangi likipigwa na jua la dirisha, na nitreti na fosfeti zikiwa juu. Kuna pia wanaotia mwani wa chupa kulisha matumbawe, ukawazidi nguvu.

Taa ya UV kwa wiki moja au mbili humaliza kazi hii vizuri kuliko kitu chochote. Asiye nayo afunike tangi kwa shuka siku tatu, bila kuchungulia, pampu zote zikifanya kazi. Matumbawe mengi huvumilia. Badilisha maji kabla na baada. Dawa ya mwani ya dukani nimeshaitaja: nyingi zina shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana, kisha hujificha kwenye mawe.

Rangi nyingine, kwa haraka

Manjano ya chai hafifu si ukungu, ni mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka. Weka karatasi nyeupe nyuma ya tangi uone. Mkaa mpya hulisafisha kwa siku mbili. Ila kama miezi sita hukuweka mkaa, weka kidogo na upunguze taa, kwa sababu mwanga utapenya kwa ghafla na matumbawe yanaweza kuungua na kupauka.

Kahawia ya kutu baada ya kubadilisha dawa ya kuondoa fosfeti: hukuiosha. Zile punje ni oksidi ya chuma. Zisuuze mpaka maji yatoke safi. Kijivu cheusi ni vumbi la mkaa, mambo ni hayohayo. Ukitumia lanthanamu kuondoa fosfeti, wingu jeupe ni lazima, ndivyo inavyofanya kazi; idondoshe ndani ya soksi laini ya kuchujia, matone kwa masaa, wala usiitie moja kwa moja mbele ya matamvua ya samaki.

Mawimbi ya mafuta-mafuta yanayoonekana kama joto juu ya lami ni maji yasiyo chumvi yakijichanganya na yenye chumvi. Yanapotea yenyewe.

Tangi jipya

Siku ya kwanza ni mchanga. Hautaonekana mwamba mpaka kesho, pengine kesho kutwa. Ukimimina maji juu ya sahani iliyolala mchangani utapunguza nusu ya vumbi. Weka soksi laini ya kuchujia, iondoe na uioshe kila siku, na usiuguse mchanga. Kuna watu hukoroga ili "vumbi litoke lote". Halitoki lote.

Maji yakisafika, ukapiga picha ukawatumia jamaa, siku ya saba au ya kumi yanageuka maziwa tena. Huyu sasa ni bakteria, na tangi halina samaki wa kuumizwa, kwa hiyo muache. Mzunguko wa kwanza wa tangi, yaani kungoja bakteria wa amonia waote, huchukua wiki nne hadi sita. Wanaobadilisha maji kila siku kufukuza ukungu huu huurefusha. Wanaotia samaki ili "bakteria wapate kazi" nitawaona mwezi ujao.

Na mawe au mchanga wa kujazia usichukue kwenye hifadhi ya bahari ya Nyali na Bamburi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1986, na askari wake wanajua ndoo inabeba nini.

Tuliozoea kuchota baharini

Kukaa pwani na kununua chumvi ya pakiti kutoka Ulaya humchekesha kila mvuvi anayenisikia. Nami huchota, ila kwa msimu. Maji ya kuchota ndiyo chanzo cha ukungu ninachokutana nacho zaidi mjini hapa, na karibu kila mara kosa liko kwenye siku au kwenye dumu.

Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, bahari ni tulivu na maji ni safi. Kusi ikianza maji huchafuka, mchanga hupanda. Masika ikija juu yake, mito inashusha udongo. Aliyekaa Malindi Mei anajua jinsi Sabaki unavyoipaka bahari rangi ya chai ya maziwa. Hapa Mombasa tuna hori za Tudor na Mtwapa, na mvua hubeba vya mitaroni vyote. Chumvi nayo hushuka: pima kila dumu, lisipofika 34 au 35 usilijumlishe na mengine kwa macho tu.

Chota maji yakiwa yamejaa, wakati maji ya bahari kuu yamevuka mwamba na kuingia ndani. Yakianza kupwa, yanayopita mbele yako yametoka kwenye mikoko na hori. Nenda mbali na mdomo wa hori lolote. Tembea hadi kiunoni, zamisha dumu chini ya uso ili usichote mafuta na majani, na usikanyage-kanyage unapochota.

Kisha kuna suala la siku. Maji uliyochota yana planktoni hai. Ukiyatumia ndani ya saa chache, wataingia tangini wakiwa hai na wataliwa. Ukiyaweka gizani wiki mbili, watakufa, wataoza, bakteria watafurika na kupungua, na uchafu utalala chini. Unayavuta kwa mpira kutoka juu ukiacha sehemu ya mwisho, unayapitisha kwenye soksi laini, unayapulizia hewa siku moja. Njia zote mbili ninazitumia. Anayepata maziwa ni yule aliyechota Jumamosi, akachoka, akasema nitabadilisha Jumanne. Jumanne ndani ya dumu planktoni wote wamekufa, bakteria wako kileleni, oksijeni imekwisha. Fungua kifuniko na uweke pua. Likinukia yai, limwage kwenye bustani ya mnazi, kisha osha dumu kwa siki na ulianike juani limefunguliwa mdomo.

Kuanzia Aprili mpaka Julai mimi mwenyewe nanunua pakiti.